Tony Rice katutoka asubuhi ya Krismasi, wapiga gitaa njooni tumkumbuke

MpigaRidhim_Moro – #1

Wakuu salaam, heri ya mwaka mpya.

Nilikuwa nasubiri mtu mwingine aanzishe huu uzi maana mimi sio mwandishi, siku zinakwenda naona kimya, basi acha nianzishe mwenyewe. Tony Rice amefariki. Ilikuwa asubuhi ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, nyumbani kwake Reidsville, North Carolina, akiwa na miaka 69. Mwanamuziki Ricky Skaggs aliyekuwa rafiki yake tangu ujana ndio alitangaza, akasema umauti ulimkuta wakati anatengeneza kahawa yake ya asubuhi. Hapo kwenye kahawa ndipo nilipoishiwa nguvu, sijui kwa nini, labda kwa sababu ni kitu ambacho kila mtu anafanya.

Najua wengi wenu jina ni geni. Huyu bwana alikuwa mpiga gitaa wa bluegrass, na kwa asiyeijua bluegrass ni muziki wa nyuzi tupu uliotokea kusini mwa Marekani, hamna ngoma, hamna kinanda, hamna umeme. Ni banjo, mandolini, fidla, lile besi kubwa la kusimama na gitaa kavu, aina ile wazee wetu waliita galatoni. Bill Monroe wa Kentucky ndio anaitwa baba wa muziki huo, na sauti yake kamili ilipatikana kuanzia mwisho wa 1945 alipompata Earl Scruggs na banjo yake ya vidole vitatu. Sasa kwa sababu hamna ngoma, kila chombo kinabeba kipande cha kazi ya ngoma. Besi anapiga pigo la kwanza na la tatu, mandolini anakata la pili na la nne, ile "cha! cha!" kama mtu anapiga makofi, na gitaa linapita katikati linashona. Gitaa likilegea bendi nzima inapwaya, na msikilizaji hajui kilichoharibika ni nini, anajua tu kwamba nyimbo haina mzuka.

Mimi nimepiga ridhim, yaani gitaa la kusindikiza, miaka 11, kwanza Morogoro halafu Dar. Mnajua maisha ya mpiga ridhim. Solo anaitwa jina na mwimbaji, anatupiwa hela na mashabiki, sisi tuko nyuma karibu na spika tunakatakata kodi zilezile (nyuzi kadhaa zinazolia pamoja) usiku kucha. Kuna kiongozi wa bendi moja aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu kwamba ridhim hata mtoto wa shule anaweza na akanipunguzia posho, niliumia sana siku ile na nilitaka kuacha kabisa.

Nilimpata Tony kwa njia ya kuzunguka. Mnamkumbuka Béla Fleck, yule mpiga banjo Mmarekani aliyekuja huku akapiga na mzee wetu Anania Ngoliga na ilimba yake, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba? Kile kitu kilinigusa sana, nikawa namtafuta Fleck mtandaoni, nikaingia kwenye albamu yake inaitwa Drive ya mwaka 1988. Niko intaneti kafe, hedifoni upande mmoja umekufa, nasikiliza banjo. Dakika ya pili tatu hivi nikajikuta siifuati banjo tena, nafuata kitu kilichoko chini yake. Kodi haikai mahali pamoja, inasogea, nyuzi za chini zinatembea zenyewe kama besi ya pili, halafu ghafla anaacha mapigo mawili matupu na anarudi pale hasa ambapo mpiga banjo anahitaji kusukumwa. Nikasoma majina ya wapigaji, gitaa: Tony Rice. Nilikuwa namtafuta mpiga banjo nikakutana na mpiga gitaa.

Watu wote wanaoandika tanzia wanasifia solo zake, na ni kweli, zile solo mpaka leo vijana wanavunja vidole kuzikopi. Lakini mimi ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kwamba ukuu wa Tony Rice ulikuwa kwenye ridhim. Msikilizeni wakati ambapo mwingine anapiga solo. Hapo ndipo utajua jamaa alikuwa na masikio ya namna gani, yaani anamsikiliza mwenzake mpaka anajua anakwenda wapi kabla mwenyewe hajafika.

Historia yake kwa kifupi. Kazaliwa Danville, Virginia, tarehe 8 Juni 1951, kakulia Los Angeles maana baba yake alihamia huko, baba alikuwa mpigaji na ndugu zake wote walipiga. Akiwa na miaka 9 akakutana na mpiga gitaa Clarence White, kijana wa miaka 16 tu, ambaye alikuwa na gitaa aina ya Martin D-28 ya mwaka 1935 imechakaa kwelikweli, tundu lake limepanuliwa na mtu aliyekuwa nayo kabla, ubao wa shingo hauna hata kidoti kimoja cha kukuonyesha uko wapi. Clarence akampa yule mtoto alipige. Miaka ikaenda, Clarence akaliachia lile gitaa kwa rafiki yake kwa mambo ya pesa, mwaka 1973 akagongwa na dereva mlevi wakati anapakia vyombo kwenye gari baada ya shoo akafa, ana miaka 29. Tony hakulisahau. 1975 akalifuatilia mpaka akampata yule aliyekuwa nalo, akalinunua kwa dola 550. Kuanzia hapo karibu kila mnachosikia ni lile gitaa, namba yake ya kiwandani 58957, mashabiki wanaijua kwa kichwa kama namba ya simu ya nyumbani.

Mwaka 1993 dhoruba kubwa iliingia Florida alikokuwa anaishi, maji ya bahari yakajaa ndani ya nyumba na lile gitaa likazama. Likatolewa, fundi akalishughulikia, likaimba tena.

Sauti yake haikurudi hivyo. Tony alikuwa mwimbaji, tena mwimbaji hasa, sauti nzito ya chini yenye ukali kidogo pembeni. Misuli ya koo ikaanza kumkaba, madaktari wana jina lake refu, na 1994 akaacha kuimba jukwaani, akawa anaongea kwa sauti ya mkwaruzo tu. Akabaki na mikono. Baadaye mikono nayo, kiwiko na viungo vya vidole, ikagoma. Mara ya mwisho kupiga gitaa mbele ya watu ilikuwa 2013 huko Raleigh, usiku ule alipoingizwa kwenye Hall of Fame ya bluegrass, yaani orodha ya magwiji wake. Kuna video, nawasihi muitafute. Anahutubia kwa ile sauti iliyokwaruza, halafu katikati ya hotuba anatulia, anajikaza kidogo, na inatoka sauti yake ya zamani, sentensi chache tu. Ukumbi mzima watu wanalia. Mimi nimeitazama labda mara ishirini na kila mara pale pale machozi yananitoka.

Karibuni, mwenye kumbukumbu yoyote aweke hapa.

---

Nakuru_Santuri – #2

Pole sana kwetu sote. Nimefurahi kuona mtu ameanzisha hii, mimi nilidhani niko peke yangu Afrika Mashariki nzima.

Kwetu Kenya kantri iko damuni. Nimelelewa na Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers ambaye pia tumempoteza mwaka uo huo wa 2020, kila Jumapili redio ya babangu ni hizo tu mpaka chakula cha jioni. Na hii mapenzi si ya jana. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, yule mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya "Chemirocha", na huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa Mississippi, santuri zake zilifika huko kwa gramafoni na watu wakamtungia wimbo wakimsifu kama kiumbe nusu mtu nusu swara. Nyanyangu mzaa baba aliijua hiyo nyimbo, alikuwa akiiimba akikamua ng'ombe.

Sasa kutoka kwa Jimmie Rodgers mpaka kwa Tony Rice ni njia moja tu, Bill Monroe mwenyewe alirekodi nyimbo za Rodgers mwanzo mwanzo kabisa. Mimi Tony nilimjua kwa albamu ya 1975 ya J.D. Crowe na New South, watu huiita tu kwa namba ya lebo, 0044. Kwa hiyo kanda kuna Crowe na banjo, Skaggs na mandolini na fidla, Jerry Douglas na dobro, lile gitaa la kulaza, akiwa kijana mdogo bado, Bobby Slone kwa besi, na Tony anaimba na kupiga gitaa. Bendi yenyewe ilikaa miezi michache tu ikasambaratika, kila mtu akaenda zake, lakini ile rekodi moja ndio iligeuza bluegrass yote iliyofuata.

Kuhusu ridhim nakuunga mkono kabisa ndugu yangu. Na pole kwa hiyo maneno ya huyo kiongozi, mtu kama huyo hajawahi kukaa kwa bendi bila mpiga ridhim mzuri akaona vile inaanguka.

---

Mwana_Bagamoyo – #3

Mkuu uzi umeandikwa vizuri, pole kwa msiba. Ila niulize kwa nia njema. Huu si ndio muziki wa wazungu wa kule milimani? Tuna wazee wetu kina Mbaraka, kina Marijani, wamekufa na wengine makaburi yao hata hayajulikani na vijana. Kwa nini tumlilie mtu wa North Carolina?

---

MpigaRidhim_Moro – #4

Mwana_Bagamoyo, swali lako ni la haki na nalijibu kwa moyo wote.

Kwanza wazee wetu nawalilia, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe ndio lililonitoa mimi nyumbani, Morogoro ile kila mtoto aliyeshika gitaa alikuwa anamtafuta Mbaraka. Kumlilia Tony hakunipunguzii machozi ya Mbaraka.

Pili, banjo ilitoka Afrika. Ilivuka bahari kichwani mwa watu waliokamatwa Afrika Magharibi wakauzwa, wakaitengeneza upya kwa kibuyu na ngozi huko Karibi na Marekani, na kwa muda mrefu ilijulikana kama chombo cha watu weusi kabla wazungu hawajaichukua. Béla Fleck alikuja huku kwa sababu hiyo hasa, alikuwa anafuata nyayo za banjo, akapita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Na filamu ya safari ile aliipa jina kutokana na mji wako mkuu, yaani Bagamoyo, bwaga moyo. Nadhani hilo utalipenda.

Tatu, Bill Monroe akiwa kijana Kentucky alikuwa anapiga kwenye madansi na mzee mmoja mweusi anaitwa Arnold Shultz, mchimba makaa ya mawe, mpiga gitaa na fidla. Arnold alikufa 1931 hakuacha hata rekodi moja. Hakuna anayejua sauti ya gitaa lake ilikuwaje, ila Monroe mwenyewe alimtaja maisha yake yote kwamba pale ndipo alipopata ile blues iliyoko ndani ya bluegrass. Kwa hiyo ukisikia Tony anavuta ule waya wa tatu mpaka unalia, sehemu ya ule mlio ni ya Arnold Shultz.

---

Mwana_Bagamoyo – #5

Hilo la Arnold Shultz sikulijua. Asante mkuu. Bado nasema tuanzishe na uzi wa wazee wetu, nitauanzisha mimi.

---

Katanga_Lexington – #6

Jambo bandugu. Miye ni mutu wa Lubumbashi, sasa niko Lexington, Kentucky, mwaka ya tano hii. Huku tuko Wakongomani wengi sana, kanisa yetu tunaimba Kiswahili kila siku ya Mungu.

Nimesoma hii uzi nikashituka maana J.D. Crowe ni mutoto wa hapa Lexington, na Tony aliingia bendi yake mwaka 1971, walikuwa wanapiga ndani ya Holiday Inn hapa mujini usiku kwa usiku. Bluegrass yenyewe ni majani ya hapa, hii jimbo banaiita hivyo, farasi ndio banaikula. Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye depo, na kuna mzee mzungu tunafanya naye, akanisikia siku moja naimba Mwenda Jean-Bosco wakati tunapakia. Akaniuliza ni nini hiyo. Nikamufungulia kwa simu. Akasikiliza mpaka mwisho, hakusema neno, akaenda kwa gari yake wakati ya mapumziko akaleta disiki ya Tony Rice, ile ya 1983, Church Street Blues, ambamo anapiga karibu yeye peke yake na gitaa na sauti. Akasema chukua, na wewe unipe ile ya mtu yako.

Kwa wale hawajui, Mwenda Jean-Bosco alikuwa mutu ya kwetu Katanga, Hugh Tracey huyo huyo mwenye aliandikwa hapo juu ndio alimurekodi 1952, Jadotville, leo banaita Likasi. Alikuwa anapiga na vidole mbili tu, gumba na ya kuonyesha, na wewe unasikia magitaa mbili. Tony alikuwa na kipande kimoja tu ya kupigia nyuzi ndani ya mukono, na wewe unasikia magitaa mbili vile vile. Njia tofauti, lakini ile maajabu ni moja.

Na kitu ingine, huyu Tony alikuwa anavaa kostime, ni suti. Wenzake wako na shati ya draft, yeye kostime, tai, viatu vinang'aa. Mutu wa Kongo lazima amuheshimu kwa ile tu.

Siku ya kufa kwa Tony yule mzee hakukuja kazi. Alikuja siku ya pili, macho nyekundu, tukashikana mukono.

---

Nakuru_Santuri – #7

Katanga_Lexington umenimaliza kabisa na hiyo ya disiki. Tafadhali msalimie mzee.

---

Bi_Risha – #8

Assalamu alaikum wote. Mie ni mpiga udi, Unguja. Nimevutiwa na huo mkono wa kulia mnaousema, nikaenda kutazama video jana usiku nilipomaliza kulaza watoto, nilikusudia kutazama moja nikalala saa nane.

Nina mambo mawili. La kwanza hicho "kipande" alichokishika, sisi tunakiita risha. Nikasogeza macho nikaona si plastiki ile, kina rangi ya asali yenye mabaka. Nikauliza kwa mwalimu wangu akasema hilo gamba la ng'amba hilo. Nimesoma baadae nikaona ni kweli, Tony alikuwa akitumia ng'amba. Sasa hapa kwetu ng'amba tunamjua vizuri, kasa mwenye gamba zuri kuliko wote, tangu zamani za majahazi magamba yake yakitoka pwani hii kwenda ulimwenguni, na sasa biashara hiyo imepigwa marufuku dunia nzima kwa kuwa mnyama mwenyewe anataka kwisha. Sitetei kuuliwa ng'amba hata mmoja. Ila kama mpigaji nafahamu kwa nini alilipenda, gamba lile halibonyei kama plastiki, linateleza juu ya waya bila kukwama, mlio unatoka mnene. Alikuwa na vipande vya zamani na akivichunga kama dhahabu.

La pili ni sauti. Mie nilikaukiwa na sauti miezi minne, nilikuwa naimba harusi tatu kwa wiki, naimba na mafua, naimba na homa, mpaka siku moja nikafungua mdomo ikatoka hewa tu. Yale niliyoyapata si maradhi yake, yangu yalipoa kwa kunyamaza na maji ya moto. Lakini ile miezi minne nilikuwa nakaa nyuma ya kikundi napiga udi huku mwengine anaimba nyimbo zangu, na mkono wangu ulibadilika. Nilianza kumpigia yule mwimbaji alivyotaka yeye avute pumzi, si nilivyozoea mie. Nikitazama video za Tony za baada ya 1994 naliona jambo lile lile. Akimpigia mwimbaji mwengine anamtazama mdomoni. Hatazami vidole vyake hata kidogo.

---

MpigaRidhim_Moro – #9

Bi Risha, shikamoo ya kimuziki. Hilo la kumtazama mdomoni sikuwahi kuligundua na nimetazama video hizo miaka na miaka. Nimerudi kuangalia leo asubuhi, uko sahihi kabisa.

---

kijana_wa_kapo – #10

Wakuu mimi nimeanza gitaa mwaka jana, nina galatoni ya kuazima nyuzi ziko juu sana vidole vinatoka sugu. Nianzie wapi kumsikiliza huyu? Na hiyo ridhim yake inapigwaje, yaani mkono unafanya nini?

---

MpigaRidhim_Moro – #11

Karibu mdogo wangu. Anza na hiyo Church Street Blues maana yuko karibu peke yake, hamna cha kukuficha. Kisha Manzanita ya 1979, hiyo hamna banjo kabisa, wakati ule watu walishangaa bluegrass gani haina banjo, sikiliza utaona gitaa limejaza nafasi yote. Ukitaka ridhim ya moto tafuta Bluegrass Album Band, walianza kurekodi mwanzoni mwa miaka ya 80, Tony na Crowe na Doyle Lawson na Bobby Hicks na Todd Phillips, nyimbo za wazee zimepigwa kama mpya. Akiwa na Skaggs wawili tu kuna ile ya 1980, sauti mbili gitaa na mandolini, hiyo nawekaga Jumapili jioni.

Kuhusu mkono. Kitu cha kwanza ni kwamba hakaziki. Kifundo kimelegea, mkono unaanguka kwa uzito wake mwenyewe, na risha (asante Bi Risha, sasa natumia neno hili) anaishika pembeni kidogo, haiingii waya kwa ubapa. Cha pili hapigi nyuzi zote sita kila mara. Ukisikiliza vizuri, pigo la kwanza anagusa besi moja tu, la pili anakung'uta nyuzi mbili tatu za katikati, la tatu besi nyingine, halafu mahali anazima na kiganja cha kushoto unasikia "tk". Cha tatu ni kodi zenyewe. 1975 alihamia California kwenye bendi ya mpiga mandolini David Grisman, kule muziki ulikuwa una jazi nyingi, na ilibidi aanze upya kujifunza kodi, mpiga gitaa John Carlini ndiye aliyemfundisha nadharia. Fikiria mtu ameshakuwa jina kubwa kwenye bluegrass, anakaa chini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alikuwa anasikiliza sana wapiga jazi Coltrane na Miles Davis, na zile kodi za jazi alizirudisha kimya kimya kwenye nyimbo za milimani, hazisikiki kama jazi, zinasikika tu kama nyimbo imepata chumba cha ziada.

Zoezi langu mimi: weka metronomu (kile chombo cha kuhesabu mapigo) polepole, mapigo 60 kwa dakika, piga kodi moja tu ya G dakika kumi, ukibadilisha tu ni nyuzi zipi unagusa. Ukiweza dakika kumi bila kuchoka nitumie pm. Na hilo gitaa lipeleke kwa fundi ashushe nyuzi, usiteseke bure.

---

kijana_wa_kapo – #12

Asante sana kaka, naanza leo.

---

Katanga_Lexington – #13

Nimewasomea hii yote yule mzee, nikimutafsiria kidogo kidogo wakati ya chakula. Alicheka sana alipofika kwa ng'amba, akasema na yeye ana kimoja kwa waleti, tangu kijana. Akauliza Bi Risha anapiga chombo gani, nikamuonyesha picha ya udi. Akasema mwambie Tony angeipenda.

---

Fundi_Tanga – #14

Mimi muziki siujui, nimeingia hapa kwa bahati, ila kuna kitu kimoja mmekiacha. Nilisoma mahali kwamba huyu Tony Rice alikuwa fundi saa. Ni kweli? Maana marehemu baba alikuwa fundi saa hapa Tanga.

---

MpigaRidhim_Moro – #15

Ni kweli kabisa Fundi, na nashukuru umelileta. Alikuwa anapenda mno saa za Bulova Accutron, zile zilizotoka 1960, na alikuwa anazitengeneza mwenyewe. Zile saa hazina mlio wa tik tik. Ndani yake kuna uma mdogo wa chuma kama ule wa kutunia vyombo, unatetemeka mara 360 kwa sekunde, na saa inatoa mvumo mmoja usiokatika. Mara 360 ni noti iliyo karibu katikati ya F na F kali. Nikamfikiria mtu mwenye masikio yale amekaa usiku na lenzi jichoni anaiweka saa sikioni kusikiliza kama uma unaimba sawasawa.

---

Fundi_Tanga – #16

Subiri. Baba alikuwa nayo moja. Sikujua inaitwa hivyo. Aliachiwa na mteja mmoja baharia hakurudi kuichukua, baba akakaa nayo miaka na hakukubali kuiuza akisema sio mali yake. Sisi watoto tuliiita saa ya nyuki. Usiku umeme ukikatika na nyumba imetulia ulikuwa unaisikia kutoka kwenye droo, vvvvv, na baba akiisikia imelegea anaamka na kurunzi.

Ilinyamaza betri zake za zebaki zilipoacha kupatikana. Bado iko pale pale kwenye droo yake, imefungwa kwenye kitambaa.

---

MpigaRidhim_Moro – #17

Fundi, nimesoma kwamba kuna mafundi wanazirekebisha zikubali betri za sasa. Nina safari ya Tanga mwezi ujao, kuna harusi tunapiga. Nikija na gitaa utaniruhusu niione?

---

Fundi_Tanga – #18

Njoo ndugu yangu. Nimeitoa kwenye kitambaa sasa hivi, naifuta.